Nguo Inayokubali Sindano Mara ya Pili

Mwaka 1983 ungeweza kuwa na hela mfukoni hapa Dodoma na bado ukakosa kaptula ya mtoto. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, lakini fedha za kigeni zilikauka, viwanda vilikosa vipuri na rangi, na mwezi Machi mwaka huo msako wa wahujumu uchumi ulianza, hata wenye bidhaa wakaogopa kuzionyesha. Khanga za kiwanda cha Urafiki zikifika duka la serikali la RTC, habari ilisambaa kabla lori halijashusha mzigo. Foleni ilipangwa kwa mawe, kila jiwe na mwenyewe, na ole wako ulikute jiwe lako limesogezwa.

Ndiyo miaka niliyojifunza kushona, nyumbani kwetu Area D, kwenye Singer nyeusi ya mama ya kukanyaga kwa miguu. Baba alikuwa karani, mmoja wa watumishi walioletwa huku baada ya TANU kuamua mwaka 1973 kwamba Dodoma iwe makao makuu. Mama hakuwa na duka wala kibao cha biashara. Majirani walimletea nguo zilizochakaa, kwa kuwa vitambaa vipya havikupatikana, naye akaziokoa kadiri zilivyookoleka.

Kazi iliyokuja zaidi ilikuwa kugeuza kola. Shati la mtumishi huanza kuchakaa shingoni, pale ndevu na jasho vinapokutana na kitambaa, wakati mgongo na mikono bado ni mizima. Mama alifumua mshono kwa wembe, akaichomoa kola nzima, akaifua na kuinyoosha kwa pasi ya mkaa. Kisha aliigeuza, uso uliokaukiwa na jasho ukaingia ndani, uso mzima ukatoka nje, akairudisha mahali pake. Uzi ukifumuka bila kukatika aliukunja kwenye kipande cha kijiti, maana uzi nao ulikuwa wa kutafutwa. Jumatatu mwenye shati alikwenda ofisini na kola mpya.

Shati lililoshindikana likawa blauzi ya mtoto. Suruali ya baba ilikatwa ikawa kaptula ya shule. Mifuko ya unga wa ngano ilichemshwa hadi maandishi yakapauka, ikashonwa shuka na shimizi; kuna mtoto jirani yetu aliyevaa shimizi ambayo bado ilisomeka uzito wa unga mgongoni. Khanga ndiyo iliyoishi muda mrefu kuliko vyote. Ilianza kuwa ya mtoko, ikawa ya kushindia, ikawa mbeleko, ikawa nepi, ikawa tambara la kudekia, na kilichobaki kikasokotwa kuwa utambi wa koroboi. Ilikuwa pamba tupu, ndiyo maana ilinyonya mafuta ya taa na kuwaka vizuri. Khanga ya namna hiyo haikuacha kitu cha kupeleka jalalani.

Siku hizi kila penye mazungumzo ya mazingira kuna mtu anayetufundisha uchumi wa mzunguko: tumia, tengeneza, tumia tena, usitupe. Ni maneno mazuri, na wengi wanaoyasema wanadhani ni mageni kwetu. Wengine nao wanakwenda upande wa pili, wanasema turudi tu kwenye tabia za wazazi wetu. Mimi nimeshika mkasi tangu utotoni na sikubaliani na upande wowote. Sisifu ufukara wa 1983. Mama aligeuza kola kwa sababu hapakuwa na shati jingine, na hakuna aliyeona raha. Ila ufukara peke yake haukutosha kuigeuza ile kola. Kitambaa nacho kilipaswa kukubali: kiwe na nguvu pande zote mbili, na mshono uwe umeachiwa akiba ya kutosha kufumuliwa bila kuraruka. Aliyelishona shati lile mara ya kwanza ndiye aliyemwezesha mama kulishona mara ya pili.

Mwaka 1984 serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na hasa baada ya Mzee Ali Hassan Mwinyi kushika nchi mwishoni mwa 1985, mitumba ilifika kwa wingi. Watu waliicheka, wakaiita kafa Ulaya, wakaifua mara mbili kabla ya kuivaa, lakini waliinunua. Soko la Sabasaba likajaa makoti ya sufu, suruali za gabadini na mashati ya pamba nene yaliyoshonwa kwa watu wenye mabega makubwa kuliko yetu. Mama hakuona adui. Kila nguo iliyofika ilikuja na kazi yake: kupunguza kiuno, kukata mikono, kuhamisha zipu, kubadili bitana. Ukifumua koti la sufu lililoshonwa Ujerumani ulikuta ndani sentimita nzima za akiba, kana kwamba fundi wa kule alijua lingekutana na wembe wa Area D.

Viwanda vyetu, kwa upande mwingine, vilidhoofika, na miaka ya 1990 vingi vikafungwa au kuuzwa. Wapo wanaoitwisha mitumba mzigo wote. Kwa niliyoyaona, mitambo ilikuwa imechoka kabla ya belo la kwanza kufunguliwa Sabasaba, umeme ulikatika, madeni yalizidi, na vitambaa vipya vya bei ya chini kutoka Asia vilikuja kumalizia. Pamba yenyewe haikuacha kulimwa. Inalimwa Iramba na Mkalama mkoani Singida, Igunga na Nzega kule Tabora, na zaidi Shinyanga na Simiyu. Meatu wapo wakulima wa pamba hai wanaolima na kampuni ya bioRe tangu miaka ya 1990. Lakini zaidi ya nusu ya pamba ya nchi hii husafirishwa nje ikiwa nyuzi ghafi, haijasokotwa wala kufumwa. Kaa kando ya barabara kuu hapa Dodoma: malori ya marobota ya pamba yanashuka kwenda bandarini, na malori ya mabelo ya mitumba yanapanda kutoka bandarini. Yanapishana Kongwa na Manyoni, na faida ya kusokota, kufuma na kushona imebaki ng'ambo.

Jambo hili lina umri mkubwa kuliko sisi. Misafara ya karne ya 19 ikipita Ugogo, ya Burton mwaka 1857 na ya Stanley mwaka 1871 ikiwemo, ililipa hongo kwa watemi ili ipate ruhusa ya njia na maji. Hongo ililipwa kwa nguo: merikani iliyofumwa Massachusetts na kaniki iliyotoka India. Nguo ilikuwa fedha ya nyanda hizi, na ilitoka mbali wakati huohuo ambapo Wafipa, magharibi ya hapa, walikuwa wakifuma pamba yao wenyewe. Ufumaji ule ulififia mbele ya nguo za meli. Kwa hiyo tunapozungumza leo juu ya kujenga kiwanda endelevu cha nguo, tukumbuke kwamba tuliwahi kuwa na mafundi wa kufuma, na tuliwapoteza kwa urahisi wa bei.

Sasa nina kibanda changu mbele ya nyumba, cherehani na ovaloki, na vijana ninaowafundisha. Siku moja aliingia binti mmoja mfanyakazi wa ofisi, nguo mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tuone."

"Naomba uniongezee hapa kiunoni. Imenibana, na ndiyo kwanza nimeinunua."

Nikaigeuza ndani nje. Ilikuwa gauni la mtumba, la kuvutika, limekatwa na kuunganishwa kwa ovaloki tu, bila akiba hata ya upana wa ukucha. Nilimwita kijana wangu aje aone. Nikavuta uzi mmoja pindoni, nikawasha kiberiti. Uzi wa pamba ukiungua hunuka karatasi na kuacha jivu laini linalopeperuka. Huu ulijikunja, ukatoa harufu ya plastiki, ukaacha kijipunje cheusi kigumu. Poliesta. Nikafumua kidogo ubavuni: sindano ilikuwa imeacha matundu yanayoonekana, na ukiweka mshono mpya pembeni, matundu hubaki. Ningeweza kumtilia kipande cha kitambaa kingine kila upande, kwa shilingi 3,000. Gauni lenyewe lilimgharimu 1,500. Tukatazamana. Akaniachia nitumie vitufe vyake nikipenda.

Hapo ndipo mzunguko unapokatika, na haukatwi na uvivu wa binti yule. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Nguo ambayo kuitengeneza ni ghali kuliko kununua nyingine haitatengenezwa, hata umhubirie mwenyewe juma zima. Na nguo ambayo haikuachiwa akiba, wala kitambaa chake hakistahimili kufumuliwa, humshinda hata fundi mwenye nia.

Dada mmoja ninayenunua kwake Sabasaba ameniruhusu mara kadhaa niwepo akifungua belo. Belo la kilo 45 hununuliwa likiwa limefungwa. Unalipa kwanza, unaona baadaye. Akikata mikanda, nguo huvimba na kumwagika kwenye turubai. Mikono yake huenda haraka: za kutundika kwenye henga, za kukunja, za kumwaga chini kwa mnada wa mia tano mia tano, na rundo la mwisho lenye madoa, zilizopasuka, zilizovutika. Zamani rundo la mwisho lilikuwa na mteja wake. Mafundi gereji walinunua matambara, maana pamba hunyonya oili. Leo gereji wanalichambua rundo na kurudisha zaidi ya wanachochukua, kwa sababu poliesta husukuma oili huku na huko bila kuinyonya. Kwenye mito na matakia huingia kidogo. Kinachobaki kinachomwa nyuma ya vibanda au kinapanda gari la taka kwenda dampo la Chidaya. Upepo wa Agosti na Septemba huchukua vipande vyake na kuvitundika kwenye michongoma.

Taasisi ya Ellen MacArthur iliandika mwaka 2017 kwamba chini ya asilimia 1 ya malighafi inayotumika kushonea nguo duniani hurudi kuwa nguo mpya. Fundi hashangai. Mashine ya kusaga nguo hufupisha nyuzi, na nguo iliyochanganywa pamba, poliesta na nyuzi za kuvutika ni kazi ngumu kuitenganisha. Nchi tajiri zinakusanya nguo zilizotumika kwa bidii; Umoja wa Ulaya umeagiza zikusanywe kando na taka nyingine tangu Januari 2025. Ufaransa kwa miaka mingi imewatoza wazalishaji ada ya kushughulikia nguo zao zikishachakaa. Ni sheria njema, ila nguo ikishapanda meli kuja huku, ada haiji nayo. Anayelipia rundo la mwisho ni dada wa Sabasaba, na baada yake halmashauri yenye gari la taka.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba sokoni ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika, na serikali yao ikatishia kuzinyima nchi zetu nafasi ya AGOA, yaani msamaha wa kodi kwa bidhaa zinazoingia Marekani. Tanzania na Uganda zikalegeza, Kenya nayo. Rwanda ilishikilia ushuru wake, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kuingia Marekani kwa msamaha huo wa kodi. Naiheshimu Rwanda kwa msimamo wake. Hata hivyo marufuku peke yake isingemsaidia binti wa gauni. Ukiondoa mtumba wa poliesta bila kuwa na kitambaa chako, nafasi yake huchukuliwa na poliesta mpya yenye lebo. Taka ni ileile, umeondoa tu mvaaji wa kwanza.

Na kabla ya kuwanyooshea kidole wa Ulaya, tutazame kabati zetu. Tangu serikali ihamie kwa dhati kuanzia 2016, na Dodoma kuwa jiji mwaka 2018, mji huu umekuwa wa sare. Mei Mosi kuna fulana, Machi 8 kuna kitenge, Nanenane kule Nzuguni kuna fulana na kofia, kila wiki ya maadhimisho na kaulimbiu yake. Juu ya hapo kuna kitchen party, sendoff na harusi, kila kamati na rangi yake, satini inayovaliwa jioni moja. Kazi hizo nimezishona na zimesomesha watoto wangu, kwa hiyo naijua bidhaa ninayoisema. Fulana nyingi ni poliesta nyepesi yenye mwaka na kaulimbiu vilivyochapwa kifua kizima. Mwaka ukibadilika, nguo nzima inayoweza kuvaliwa inaonekana imepitwa. Vitenge vingi vinavyouzwa kwa jina la pamba vinafeli jaribio la kiberiti. Taka hiyo haikuletwa na meli ya mitumba. Tumeiagiza wenyewe, kwa fedha ya umma au ya michango, kwa mihuri yetu.

Baada ya marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019, nilitumaini mabaki ya mafundi yangepata soko la mifuko. Badala yake tulipata mifuko laini ya rangi rangi inayofanana na kitambaa, ambayo nayo kwa sehemu kubwa ni plastiki. Wakati huo vipande vya pamba vilijaa chini ya cherehani zetu. Mimi na wenzangu tulishona mifuko ya vipande, imara, ya kufulika. Wateja waliipenda, ila waliona bei wakarudi kwenye ile ya sokoni. Somo lilikuwa lilelile la gauni: sheria ilikataza kitu kibaya, haikumtafutia mnunuzi aliyetengeneza kizuri.

Mnunuzi huyo yupo, na anakaa hapahapa. Ofisi zilizopo Mji wa Serikali Mtumba hununua sare, mapazia, mashuka, mavazi ya madereva, walinzi na wahudumu. Sheria ya Ununuzi wa Umma inazitaka taasisi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Vikundi vya ushonaji vimo humo. Yanayohitajika ni masharti machache kwenye zabuni, ambayo fundi yeyote anaweza kuyatimiza na afisa yeyote kuyakagua kwa kiberiti na futi: kitambaa kiwe pamba tupu, mishono ya ubavuni iachiwe akiba ya sentimita mbili, nguo isichapwe mwaka wala tarehe, na zabuni ihusishe matengenezo, kola ikichakaa irudi kwa kikundi kilichoishona, kwa malipo. Kifungu hicho cha mwisho ndicho kitakachompa fundi mshahara wa kutengeneza. Ukarabati umekufa kwa sababu haulipi, na ukilipa utafufuka.

Sare za shule ni uwanja mwingine. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 madarasa yamejaa, na sare imebaki juu ya mzazi. Hakuna nguo inayofaa kurithishana kuliko hiyo: rangi moja, mtindo mmoja, watoto wanaokua kila muhula. Mama alishona sketi za shule zenye pindo la inchi nne, likateremshwa kila Januari hadi msichana amalize darasa la saba, kisha sketi ikaenda kwa mdogo wake. Sketi za madukani leo zina pindo la upana wa kidole. Chuo cha VETA kinafundisha ushonaji na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa wahandisi wa nguo. Kufumua, kugeuza na kuteremsha pindo kuingie kwenye mitihani kama kunavyoingia kukata mpya. Na sare za shule zikidai pamba tupu, wenye viwanda vya Morogoro na Dar es Salaam watakuwa na sababu ya kusokota hapa pamba ya Igunga na Mkalama.

Dodoma haitakuwa mji wa viwanda vya kutia rangi, na isijaribu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na mji unaokua kila siku unategemea visima vya Mzakwe. Shati moja la pamba, kuanzia shambani, hukadiriwa kula lita 2,700 za maji. Kuligeuza kola hakuhitaji zaidi ya beseni moja. Sehemu yetu katika kazi hii, sisi watu wa nyanda kavu za kati, ni ile ya mwisho wa mkono: kupunguza, kuongeza, kugeuza, kurithisha. Ni kazi isiyohitaji mto wala bomba kubwa, na watu wa kuifanya wanakaa kando ya kila barabara ya mtaa, Area D, Majengo, Chang'ombe hadi Kizota.

Kwa hiyo, wewe afisa ununuzi unayeandaa oda ya fulana za Mei Mosi ijayo, na wewe mwenyekiti wa kamati ya harusi uliyeshika sampuli ya satini: vuta uzi mmoja pindoni, uwashie kiberiti, halafu geuza nguo ndani nje utazame kama ina akiba. Ikiwa haina, iache kwa muuzaji. Mafundi wa kuishona mara ya pili tupo. Tuleteeni nguo inayoshoneka.